Barua kwa Mwanangu: Kifungo cha Shati

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni lazima uwaambie wenzako wa kazini kwamba unajidunga insulini ya kisukari, au yatosha kuwa na glukosi mfukoni, ya kupandisha sukari ya damu ikishuka. Kabla sijafika huko, niruhusu nirudi kwenye ile asubuhi ya baba yako, ambayo wewe uliisikia tu ukiwa chumba cha pili.

Alikuwa amejidunga dozi yake ya insulini kama kawaida, kisha akachelewa kula, na sukari yake ya damu ikashuka. Nilimkuta amesimama mbele ya kabati akifunga kifungo kimoja cha shati, anakifungua, anakifunga tena, na ukosi umelowa jasho. Nilipomsemesha alinijibu kwa ukali nisiouzoea, nikaudhika, nikamwacha. Nilimwacha, mwanangu! Muda si muda akaanguka, akapatwa na degedege, nami kwa kiwewe nikamtilia maji ya sukari kinywani ilhali hana fahamu, jambo ambalo lingeweza kumpalia na kumuua. Aliyezimia hatiliwi kitu mdomoni. Hulazwa ubavu, huchomwa sindano ya glukagoni, homoni inayopandisha sukari ya damu, ikiwapo, na msaada huitwa papo hapo.

Huwa najitetea kwamba sikujua. Lakini nilijua ana kisukari. Nisilolijua ni kwamba ubongo huishi kwa sukari ya damu, na ikipungua mno mtu huweza kuchanganyikiwa asijue kwamba amechanganyikiwa. Baba yako hadi leo hakikumbuki kile kifungo. Ndiyo maana nasema, na nitarudia: ambaye sukari imemshuka hajioni.

Glukosi yako ni kinga njema: ukipima sukari ya damu ukasoma chini ya milimoli 3.9 kwa lita, meza gramu 15, upime tena baada ya dakika 15. Ila mkono wa kuitoa mfukoni huongozwa na akili, na akili ndiyo inayopotea. Tena uliniambia kwamba juzi ulisoma 2.8 bila jasho wala kutetemeka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa kuwa sukari ikishuka mara kwa mara mwili huzoea na kuacha kuonya. Mweleze daktari wako wiki hii, huenda dozi ikahitaji kupunguzwa.

Kuhusu wenzako, naelewa hofu yako ya kusemwa, na kazi ni yako, si yangu. Sitakuamulia. Ingawa kama angalau mmoja angeelewa maana ya jasho lile na ukali ule... Basi, nimesema sitakuamulia. Niandikie daktari amesemaje.

Akupendaye,
Mama yako