Kabla Hujalipa Ada ya Mashindano ya Sangara

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tororo aliniandikia. Kanunua rodi yake ya kwanza ya kuvulia samaki, ya mtumba lakini nzima, na rili ya kukunjia mshipi, yenye mshipi wa kutosha. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, nijiandikishe mashindano au nivue tu kujifurahisha?" Nikaandika jibu la mistari miwili, nikalifuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikaona heri nijibu hapa, maana najua wengi mnaonisoma mna hamu ileile: siku moja usimame kando ya mizani, watu wamekuzunguka na simu zao, na sangara anayening'inia hapo awe mrefu kuliko mtoto wa darasa la tano.

Mimi nimesimama hapo. Mara moja nilikuwa wa tatu, picha ipo sebuleni na wageni wote huonyeshwa. Mara nyingine nilisimama hapo nikiwa na samaki mkubwa kuliko wa wote, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Nitafika huko.

Nimekulia kambi ya polisi Jinja, ndiyo maana Kiswahili changu kina harufu ya gwaride. Baba alipokuwa zamu ya usiku, asubuhi alilala, na sisi watoto tulifukuzwa tusimpigie kelele. Tukateremka mtoni. Ufito wa mwanzi, mshipi wa nailoni, ndoano moja, nyungunyungu ndani ya kopo la majani ya chai. Tulipata ngege wa ukubwa wa kiganja, mama akawakaanga mpaka mifupa ikatafunika. Hakuna aliyewapima. Aliyepata wawili alimpa mmoja yule aliyekosa, wala si kwa wema: aliyekosa ndiye angetusemea nyumbani kwamba tulipita chini ya ua wa kambi.

Ushindani uliniingia ukubwani, kwa njia ya simu. Nilianza kutazama Wamarekani wanavyowavua samaki waitwao besi, wale wa mdomo mpana, nikawa nalala saa nane za usiku. Besi mwenyewe si wa kutisha. Rekodi ya dunia ni ratili 22 na wakia 4, iliyowekwa na George Perry huko Georgia mwaka 1932, na iliyofikiwa na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Hizo ni kilo 10 na kidogo. Sangara wa kilo 10 kwetu ni kijana ambaye hata ndevu hajaota. Rekodi ya sangara kwa rodi ni kilo 104, Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Nilijiuliza kwa nini samaki wa kilo 2 awape watu boti za kifahari na hundi kubwa, na sisi wenye majitu haya tusiwe na kitu.

Jibu nililolipata ni kwamba kilichouzwa pale ni hesabu, samaki ni kisingizio tu. Mwaka 1967 muuza bima mmoja wa Alabama, Ray Scott, aliandaa mashindano Beaver Lake, Arkansas. Mwaka uliofuata akaanzisha chama chake, na 1971 akafanya Bassmaster Classic ya kwanza, mashindano makuu ya chama hicho, Lake Mead, mshindi akapata dola 10,000. Mshindani huruhusiwa kupeleka samaki watano kwa siku. Ukimpata wa sita, unamtoa mdogo wao na kumwingiza mpya. Kwa hiyo siku nzima kichwa kinachemka: nihame hapa au nibaki? Nibadili chambo? Nina watano, lakini je, yule wa tatu si mwepesi mno? Ndiyo raha yake. Si raha ya kukaa, ni raha ya kuamua. Mtu wa kuvua kujifurahisha akikosa hadi saa sita mchana anafungua chapati yake. Mshindani akikosa hadi saa sita mchana anaanza kujidadisi yeye ni nani.

Na nitasema ukweli wote, mashindano yalinifunza. Kabla yake sikujua kufunga fundo lisilofyatuka. Sikujua kwamba sangara hupenda kuvizia kando ya miamba, pale kina kinaposhuka ghafla, na kwamba chambo bandia unachokikokota nyuma ya boti huzama hadi kina chake maalumu, ukikosea mita mbili unakipitisha juu ya kichwa chake siku nzima. Nilijifunza kusoma upepo. Nilijifunza pia kusema uongo mdogo: mama watoto aliponiuliza bei ya vile vyambo viwili vya Rapala, nilimtajia nusu. Siku alipoiona bei dukani Kampala hakusema neno, alinitazama tu, na mpaka leo nikimwambia bei ya kitu chochote anaizidisha mara mbili.

Sasa ile siku. Sitataja mashindano gani wala waandaaji. Yalikuwa Ziwa Victoria, upande wa Entebbe, na kwa sheria zao ushindi ni wa samaki mmoja mzito kuliko wote. Mwisho wa kupima saa kumi na moja jioni. Nahodha wangu alikuwa mzee wa Kalangala ambaye aliponisikia nimekulia kambini akaanza kuniita afande, na hakuacha. Tulikokota tangu asubuhi. Tulipata wawili wa kilo 8 na kilo 11, tukawaachia. Mzee aliwaangalia wakizama akatikisa kichwa. Kwake yeye, na kwa wavuvi wote wa mwaloni, kumrudisha samaki majini ni kama kuokota noti ya elfu hamsini, kuipiga picha, kisha kuitupa barabarani.

Saa tisa na nusu akaniambia, "Afande, upepo umegeuka. Twende." Nikasema tuzunguke kile kisiwa mara moja zaidi. Tukazunguka. Akasema tena. Nikasema mara moja tu. Mzee akanyamaza, na mtu wa ziwa akinyamaza ujue keshasema vya kutosha. Saa kumi kasoro dakika tano rodi ikapinda, rili ikalia, nikajua huyu si wa kawaida. Aliruka mara moja, kichwa chote nje, mdomo wazi kama ndoo, akajitikisa. Dakika 25 hivi. Tulipompandisha nilikuwa nalia, sijui kwa nini, na mzee akacheka akasema, "Afande analia!"

Kisha tukarudi. Mawimbi yalikuja ya ubavuni, injini haikuwezekana kufunguliwa yote, boti ikawa inapanda na kushuka na maji yanaingia. Nilitazama saa mara mia. Tulifika mwaloni dakika 4 baada ya saa kumi na moja. Nne.

Aliyeshika daftari alimtazama samaki, akanitazama mimi, akasema muda umekwisha. Wakamtundika kwenye mizani kwa ajili ya picha tu. Kilo 41 na nusu. Aliyeshinda siku ile alikuwa na kilo 36. Naiandika namba hii hapa kwa sababu kwenye daftari lao haikuandikwa, na hata leo nikiipita njia ile ya Entebbe naigeuza shingo nisiuone mwalo.

Huko Marekani, kwa Bassmaster, anayechelewa hukatwa ratili moja kwa kila dakika, na zikizidi 15 ndipo anapoteza kila kitu. Kwa hesabu hiyo ningekatwa ratili 4, yaani hata kilo 2 hazifiki, na bado ningeshinda. Nimeifanya hesabu hii mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili timamu.

Sasa ungamo lenyewe. Pale kwenye mizani mkono wangu ulikwenda mfukoni. Nilikuwa na pesa ya mafuta ya kurudia, na yule kijana wa daftari alikuwa peke yake. Mimi, mtoto wa askari ambaye baba yake alikufa bila gari kwa sababu hakupenda "chai" ya watu. Mzee wa Kalangala ndiye aliyenishika bega na kusema, "Afande, samaki ataharibika." Basi. Hakusema zaidi.

Mwaka 2022, kwenye mashindano Ziwa Erie, Ohio, wavuvi wawili walipasuliwa samaki wao hadharani yakakutwa mapande ya madini ya risasi tumboni, waliyoyasokomeza ili kuongeza uzito. Wakafungwa jela. Watu walicheka dunia nzima. Mimi sikucheka. Mimi najua kidogo jinsi mkono unavyoanza safari.

Kwa hiyo kijana, ushauri wangu wa kwanza: kuwa na saa. Si ya simu, simu hulowa au huisha chaji. Saa ya mkononi, na uitegee kengele ya nusu saa kabla ya muda unaodhani unatosha.

Wa pili: nahodha akisema twende, mwende. Yeye hana medali ya kupoteza, kwa hiyo macho yake yanaona vizuri kuliko yako. Ziwa hili dhoruba zake nyingi hupiga usiku na alfajiri, lakini hata jioni halina adabu. Jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Nimewaona washindani wanalikalia kwa sababu linazuia mkono wa kurusha.

Wa tatu, kama unavua ili umwachie, usimvue kwenye kina kirefu. Sangara anapopandishwa haraka kutoka chini, bondo lake, ule mfuko wa hewa wa tumboni, hutanuka na kumfura, ukimrudisha anaelea tumbo juu, na mwewe ndiye anayeshinda mashindano. Bondo hilohilo ndilo Wachina wanalolinunua ghali. Ray Scott alianza kampeni yake ya kuwaachia besi hai mwaka 1972, na besi wana nafuu kwa kuwa wengi huvuliwa maji mafupi na kuwekwa kwenye tangi la maji ndani ya boti. Sangara wa kilo 40 utamweka tangi gani? Yule wangu alikufa. Minofu aliichukua mzee, bondo akaliuza, nami nikaondoka na picha niliyoifuta baadaye, kisha nikaomba wanitumie tena.

Halafu nikaamua kupumzika na mashindano. Nikaenda Murchison, nikalipa kibali cha hifadhi, nikavua ukingoni chini ya maporomoko, pale Nile inapojibana kwenye ufa wa mita 7 hivi na kuanguka zaidi ya mita 40. Hapo ndipo kwao sangara. Maporomoko yale ndiyo yaliyomzuia asipande Kyoga wala Victoria, mpaka watu walipompandisha wenyewe miaka ya 1950. Askari wa hifadhi alisimama nyuma yangu na bunduki akiangalia mamba, viboko wakikoroma ng'ambo. Sijawahi kuona mahali pazuri hivyo. Mchana nikampata mmoja, mnene, anang'aa kama sufuria mpya. Na unajua nilifanya nini kabla hata sijamtoa ndoano? Nilikisia kilo zake. Kumi na mbili. Nikasema moyoni, huyu asingefika hata kumi bora.

Hapo ndipo nilipoumia kuliko siku ya zile dakika nne. Yule mtoto wa Jinja mwenye kopo la majani ya chai hajawahi kumtazama samaki akamwona hatoshi.

Kwa hiyo ndugu zangu, msinielewe vibaya nikianza kuhubiri, lakini mnakimbilia nini? Kijana ananunua rodi Jumatatu, Ijumaa anauliza ada. Vua kwanza. Vua mwaka, vua miwili. Vua siku ambazo hupati kitu na uone kama utarudi wiki ijayo. Kaa na wale wanaovua kwa ajili ya unga, wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wanaokesha na taa, uone mtu anayekosa samaki na kesho anasukuma tena mtumbwi bila mtu wa kumpigia makofi. Ukiona bado unapenda maji bila mizani, nenda kwenye mizani, haitakuua. Ila ukienda kwa sababu sebule yako haina picha, itakula pesa ya karo, itakula usingizi, na utajikuta una miaka arobaini na kitu unakata ratili nne kwenye kilo 41 na nusu usiku wa manane. Na uwe na saa. Nilishasema? Narudia.

Kijana wa Tororo, jibu lako basi: usijiandikishe mwaka huu. Jumamosi hii natoka Jinja saa kumi na mbili asubuhi na boti ndogo, na nafasi ni moja. Njoo na jaketi, kofia na chapati zako. Tutavua ngege. Mizani nimemwachia mama watoto, anapimia sukari. Saa ninayo mimi.