Unataka kuisemea nchi yako mtandaoni? Usianze kwa kugombana

Mwaka juzi nlikesha kwenye komenti nagombana na jamaa mmoja wa Ulaya aliyeposti picha ya tembo, Kilimanjaro inaonekana kwa nyuma, akaandika yupo Kenya. Nikamtukana, nikaita wenzangu kwenye grupu la wasapu tukamvamia kama nyuki, asubuhi kafuta posti na kutubloku wote. Nikajiona nimeitetea nchi kweli kweli. Dada yangu yupo Leicester, Uingereza, mwaka wa tisa huu, anahudumia wazee, akanipigia siku hiyo hiyo akaniuliza, "Mdogo wangu, sa huyo mtu amejua nini kuhusu Tanzania zaidi ya kwamba tunatukana?"

Sikuwa na jibu. Halafu ukiangalia, jamaa hakudanganya, picha za vile nyingi hupigwa Amboseli na Amboseli kweli ipo Kenya, ila mlima wenyewe mita zote 5,895 upo kwetu. Leo ningemwandikia hivi: picha kali sana, hapo uliposimama ni Kenya, mlima unaouona upo Tanzania, na ukitaka kuupanda njia zote zinaanzia huku kwetu, hata ile ya Rongai iliyo karibu na mpaka, karibu sana. Basi, mtu anajifunza na hajaaibishwa mbele za watu.

Hii wataalamu wanaiita diplomasia ya umma, yaani nchi kuongea na wananchi wa nchi nyingine moja kwa moja, sio serikali kwa serikali tu. Wengi tunadhani ni kazi ya mabalozi. Lakini mwangalie Kili Paul, kijana wa Kimaasai na shuka lake, yeye na dada yake Neema wanafuatisha nyimbo za Kihindi kwenye simu kwa heshima na furaha, na Februari 2022 ubalozi wa India hapa Dar ukampa heshima na waziri mkuu wa India, Modi mwenyewe, akawataja redioni. Alianza kwa kupenda cha wenzake, hapo ndo pa kujifunza.

Na mimi nikajaribu kwa kiasi changu. Dada akasema wale wazee wanamuuliza kwetu kukoje, nikamtumia klipu za mahoteli na maghorofa ya Posta, akaniambia hawa maghorofa wanayo, nipe Feri asubuhi. Nikaenda alfajiri pale Feri, soko la samaki la Dar, mnadani dalali anaita bei, changu wanang'aa, maji yanachuruzika sakafuni. Kuna mama anakaanga pweza, nikamwomba nimrekodi, akasema "Mwanangu subiri, usinichukue na khanga hili la jikoni," akaingia ndani akajifunga jipya ndo akaniita. Nakusihi uombe ruhusa kila mara, maana huyo mama ndo Tanzania watakayoiona kule na ana haki ya kuchagua anaonekanaje.

Klipu ile ya dakika mbili ilizaa maswali wiki nzima. Mzee mmoja akaona kivuko cha Kigamboni kimejaa watu akauliza kwanini hamjengi daraja, dada akamwambia lipo, Daraja la Nyerere, lilifunguliwa 2016, ila wengine kivuko ndo karibu yao, na foleni ipo kweli. Hakuficha. Ukificha shida alafu mtu akaja kuiona mwenyewe, hata mazuri uliyosema hatayaamini tena.

We uliye nje nakuomba kitu kimoja, ukiulizwa kuhusu kwetu usijibu kwa mkato eti ni nchi nzuri, elezea mtaa wako, elezea mnachokula nyumbani. Tarehe 7 Julai pia usiiache ipite, ni Siku ya Kiswahili Duniani, Unesco waliitangaza 2021, wafundishe wenzako kazini hata salamu mbili tu. Na sisi tuliopo huku tuwatumie vitu vya kweli, bando la klipu moja halimalizi mtu.

Yule mzee wa daraja siku hizi dada akiingia tu anamwamkia yeye "Shikamoo!", dada anamwelekeza kila siku, babu wewe ndo wa kuamkiwa, wewe sema marahaba, anacheka alafu kesho anarudia vile vile. Jana kaagiza anataka kumwona tena yule mama wa pweza. Kesho alfajiri nashuka Feri.