Kabla hujaikadiria, igeuze uone mgongo wake

Dada, umesema mama mkwe wako wa Munich amekuachia picha ya rangi za mafuta, mwanamke wa gauni jeusi, kwenye kona imeandikwa "F. Lenbach", na unataka kujua thamani yake. Nimefanya kazi miaka 11 kwenye karakana ya fremu hapa Ujerumani, na picha za namna hiyo zimepita nyingi mikononi mwangu.

Jina lisikukimbize sokoni. Franz von Lenbach (1836–1904), mchoraji wa picha za watu wa Munich, alikuwa na wateja wakubwa, kansela wa Ujerumani Bismarck peke yake alichorwa naye mara nyingi, na ule mtindo wake wa uso kung'aa katikati ya giza la kahawia uliigwa na wengi. Shika lenzi uitazame sahihi, yaani lile jina la kwenye kona. Iliyoandikwa wakati ule hupasuka pamoja na rangi iliyo chini yake. Ukiona rangi ya sahihi imejaza nyufa, kuna mtu aliiandika picha ikiwa imeshazeeka. Niliwahi kuona "L" imeshuka ndani ya ufa kama maji mferejini.

Sasa igeuze. Mimi huanza na mgongo: mhuri wa duka lililouza turubai (kitambaa cha kuchorea), namba ya mnada iliyoandikwa kwa chaki, karatasi ya maonyesho. Karatasi ya Glaspalast ya Munich, jumba la maonyesho ya sanaa lililoungua mwaka 1931, ni mwanzo mzuri, maana katalogi za maonyesho yale zipo na namba hulinganishwa. Jina la mwanamke mwenyewe likipatikana, bei hubadilika. Asiyejulikana nimemwona akiondoka mnadani kwa euro 300, na iliniuma, kwa jinsi vidole vyake vilivyochorwa.

Nakusihi, usiisafishe. Mwaka 2014 nilimpelekea fundi mmoja picha yangu ya binti. Alipitisha pamba yenye spiriti, vanishi ya manjano ikatoka, na wekundu wa shavu ukatoka nao, kwani ulikuwa utando mwembamba mno juu ya rangi nyeupe. Haukurudi tena.

Nyufa pana kama ngozi ya mamba kwenye sehemu za giza zisikutishe. Wachoraji wengi wa wakati ule walitumia rangi ya lami, nayo haikauki sawasawa. Ukipata taa ya urujuanimno (UV), iwashe gizani: vanishi ya zamani hung'aa kijani, mabaka meusi ni marekebisho ya baadaye. Yakiwa kwenye gauni, yanavumilika. Yakiwa usoni, bei inashuka sana.

Piga picha mgongo wote, na kona ya sahihi kwa karibu, uziweke hapa niziangalie.