Re: Dabo stroki zinapotelea kwenye flo tomu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini fili yako ya drams (mapigo ya kujazia kabla ya sehemu mpya ya wimbo) ya dabo stroki, yaani kila mkono unapiga mara mbili mfululizo, inasikika vizuri kwenye snea (ngoma ya mbele yenye sauti kali) alafu ukifika flo tomu (ngoma kubwa inayosimama sakafuni) pigo la pili la kila mkono linamezwa. Shida ni ngozi. Ya snea imekazwa, fimbo inaruka yenyewe, ya flo tomu imelegea hairudishi kitu, kwa hiyo lile pigo la pili lazima ulipige wewe kwa vidole na kifundo cha mkono usingoje liruke.

Mimi hapa Jinja nilifanyia kwenye mto wa kulalia, kulia kulia kushoto kushoto, metronomu (kifaa cha kuhesabia mwendo) 60 kwa dakika, dakika kumi kila jioni kabla ya mazoezi ya kwaya, na mto haurushi fimbo hata kidogo ndo maana unafundisha. Baadaye hamia kwenye drams, mapigo manne snea, manne tomu ndogo, manne ya kati, manne flo, baa (kipimo kimoja cha muziki) imeisha, angukia krashi (lile sahani la shaba) na kiki (ngoma ya mguu) pamoja. Wakati kushoto inapiga mawili yake mkono wa kulia uwe tayari umeshahama, usiuchelewesheeee. Usipande 65 mpaka mapigo yote 16 yalingane sauti, jirekodi na simu usikilize.