Muulize Fundi: Gata ya mita 54 isiyo na kiungo

*Shikamoo fundi. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya ujenzi ya shule yetu, huku Muheza. Tuna jengo la madarasa sita kwa mstari, urefu mita 54. Gata za mwanzo zilikuwa vipande vifupi vya bati vilivyounganishwa kwa riveti na silikoni. Masika ya kwanza tu zikavuja karibu kila kiungo, ukuta ukaota ukungu na plasta ikaanza kubanduka. Sasa amekuja mkandarasi mwenye mashine, anasema atatutolea gata ya alumini kipande kimoja, mita 54 nzima, na haitavuja mpaka wajukuu zetu. Wenzangu wameshakubali. Imebaki sahihi yangu. Nisaini? – Mama mweka hazina, Muheza*

Marahaba, mama. Kalamu irudishe mkobani kwanza.

Mkandarasi hakudanganyi kuhusu mashine. Ipo, na mimi mwenyewe niliyeanza kugonga bati kwa nyundo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nilipoiona mara ya kwanza nilisimama mdomo wazi. Inakuja na pikapu mpaka uwanjani kwenu. Upande mmoja inaingia alumini bapa kutoka kwenye koili, upana kama sentimita 30 kwa gata ya inchi 5, unene milimita 0.7 hivi. Inapita katikati ya roli, upande wa pili inatoka gata kamili: mgongo umenyooka, tumbo bapa, uso una mikunjo kama fremu ya picha. Inatoka kama tambi. Ukitaka mita 54 utapata mita 54, mradi koili haijaisha.

Kwa hiyo swali la kumuuliza si kama anaweza kuitoa. Muulize ikishapanda juu, itapumulia wapi?

Nikupe aibu yangu mwenyewe. Tulifunga godauni moja Tanga, mita 36, gata ya kahawia iliyoiva. Tulianza alfajiri mwezi wa saba, bado tumevaa masweta. Mimi ndiye niliyesema ibanwe ukuta kwa ukuta, riveti kila mwisho, isitikisike. Ilikaa imenyooka hivi kwamba mwenye mali akatuagizia soda. Saa nane mchana, tumekaa kivulini na soda zetu, tukasikia *ta!* kisha *ta! ta!* Gata ilikuwa imetoka tumbo katikati kama chatu aliyemeza mbuzi, na bomba la kushushia maji limeng'oka shingoni. Hakukuwa na tone la mvua. Jua tu. Tuliirudia kazi kwa gharama zetu, na soda zile sikuzimaliza.

Hesabu yake ni hii, na umpe mkandarasi aifanye mbele yenu. Alumini ikipata joto la ziada la digrii 40, ambalo kwa rangi nyeusi au kahawia kati ya usiku na mchana wa pwani si ajabu, kila mita 10 hurefuka kama milimita 9. Gata yenu ya mita 54 itakuwa inarefuka na kunywea karibu sentimita 5. Hiyo nguvu haizuiwi na riveti. Bati la chuma hurefuka nusu ya hapo, lakini huku kwenye upepo wa chumvi sikushauri chuma.

Kuna na suala la mteremko. Mimi huweka milimita 2 kwa kila mita. Kipande kimoja kinachoteremka upande mmoja kwa mita 54 kitakuwa chini kwa karibu sentimita 11 kule mwisho. Fisha bodi yenyewe, ule ubao wa ukingoni mwa paa unaobeba gata, ina upana wa sentimita 20. Ukisimama uwanjani utaona gata imeegama kama mlevi, na mvua ikipiga kwa nguvu maji yanayotoka kwenye bati yataruka juu ya gata pale ilipoachana na paa. Akisema ataiweka sawasawa bila mteremko, basi ameamua kufuga mbu.

Mimi ningefanya hivi. Vipande viwili, kila kimoja mita 27. Kila kipande kishikwe imara katikati yake, na hapo katikati ndipo pawe juu kabisa. Kiteremke pande zote mbili, mita 13 na nusu kila upande, ambayo ni milimita 27 tu, jicho halioni. Ncha ziachwe huru, zisiguse ukuta wala kufungwa kwa riveti. Vipande viwili vikikutana katikati ya jengo visiunganishwe. Viwekewe kisanduku cha alumini chini yake, kila ncha iingie mdomoni kama sentimita 5 na kumwaga maji humo, nafasi ikibaki kati yao. Hapo hakuna silikoni ya kuoza. Kisanduku kitoe bomba la inchi 4, na kila mwisho wa jengo bomba la inchi 3.

Kwa hiyo mtakuwa na mkato mmoja. Mwambie mkandarasi asiumie.

Na usinielewe vibaya kuhusu viungo vyenu vya zamani. Nitaweka dau kwamba vilivuja kwa sababu mbili: silikoni ilipakwa juu ya vumbi na mafuta ya kiwandani bila kufutwa, na vipande vililazwa kinyume, cha chini kikaingia ndani ya cha juu, maji yakawa yanaingia kiunoni. Cha juu ndicho hulala ndani ya cha chini, kama vigae. Fundi aliyekosea hilo kwa vipande vifupi angekosea na jambo jingine kwa kipande kirefu.

Siku ya kazi uwepo, mama, na uangalie jinsi wanavyobeba. Mita 27 zinataka watu saba, mmoja kila mita 4 hivi, na mmoja tu wa kutoa amri. Gata ibebwe ikiwa imesimama kama itakavyokaa ukutani, kila mtu akiikinga kwa chini, wapande ngazi kwa hatua moja. Alumini hiyo ni nyepesi mno, mtoto anaweza kuinua ncha, ndiyo maana vijana huidharau. Mmoja akichelewa hatua mbili inavunjika shingo. Watakwambia wameinyoosha, lakini lile kovu halifutiki, na hapo ndipo maji yatasimama. Ikivunjika, itolewe nyingine. Liandikwe kwenye mkataba.

Kabla ya yote fisha bodi ikaguliwe. Iliyooza itolewe, kwa sababu skrubu haishiki uyoga. Vishikio viwe kila sentimita 60 kwa wengi; kwa mvua za Muheza mimi huweka 45. Skrubu, si misumari. Mteremko upimwe kwa mpira wa maji, ule wa kuona ndani, kwa sababu pima maji ya sentimita 60 kwenye mita 13 inakudanganya.

Malipo ya mwisho yabaki mfukoni mpaka mpande na ndoo mbili, mmwage pale kwenye kilele, muone maji yanakwenda kotekote. Halafu mfikirie simtanki. Upande mmoja wa paa lenu, mita 54 kwa kama 4 na nusu, ni mita za mraba 243. Milimita 10 za mvua ni zaidi ya lita 2,400. Toa yanayoruka na kupotea, mna kama lita 1,900. Nusu yake itashukia kwenye kile kisanduku cha katikati, kwa hiyo tangi likae hapo. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yaende, yamebeba kinyesi cha ndege, na ya kunywa watoto yachemshwe au yatiwe dawa.

*Fundi, nataka gata isiyo na kiungo ya mita 20 kwa nyumba yangu Mombasa. Kuna mtu Nairobi ananiuzia kwa bei nzuri. Nitaisafirishaje? – Msomaji, Mombasa*

Kaka, huisafirishi. Kama ni kipande kimoja kweli, mashine ndiyo husafiri, gata huzaliwa kwako. Akikwambia ataileta kwa lori, muulize lori la mita ngapi. Akijibu kwamba ataikata vipande vitatu aje kuunganisha, basi nunua gata za kawaida hapohapo Mombasa, uokoe nauli.