Barua kwa mwanangu: kimya hakiandikwi

Marahaba mama,

Meseji yako niliiona juzi usiku ila sikujibu, umeme ulikatika na mimi mambo ya maana siwezi kuyaandika kwa simu yenye chaji asilimia sita. Umesema umepata tiketi ya kusimama pale Globe, ule ukumbi wa maigizo wa London, wanacheza King Lear, ile tamthiliya ya Shakespeare ya mfalme mzee, na wenzako kazini wamegawanyika, wengine wanakwambia soma kitabu kwanza, wengine wanasema nenda hivohivo utaelewa hukohuko. Afu ukaniuliza, mama wewe uliyefundisha fasihi miaka yote hiyo, kipi bora, kusoma au kuangalia?

Nilimsomea baba yako kwa sauti. Akajibu hapohapo, mikono imo ndani ya ile redio yake, "Asome. Mtu asiyesoma anaingia kama aliyefika mahakamani siku ya hukumu." Basi la baba yako ndo hilo. La kwangu ni refu na sina hakika kama linajibu ulichouliza, lakini limenikaa kifuani tangu juzi, acha nilitoe.

Unakijua kile kitabu cha Mabepari wa Venisi, tamthiliya ya Shakespeare kwa Kiswahili, kwenye sanduku la bati, kile kisicho na jalada. Mwalimu Nyerere alikitafsiri akiwa rais wa nchi, kikatoka 1969, na kabla yake alishamtafsiri Julius Caesar mwaka 1963, yaani uhuru wenyewe hata haujakauka wino. Mlipokuwa wadogo mliniuliza mara nyingi, mama na wewe ulicheza? Nikawa nawajibu nilikuwemo. Na kweli nilikuwemo. Ila sikuwahi kuwaambia nilikuwa nafanya nini mle, na nyie hamkuendelea kuuliza, leo nakwambia wewe, kaka yako utamwambia mwenyewe ukitaka.

Ilikuwa mahafali ya Form Four, 1984, mimi niko Form Two. Shule ya bweni ya wasichana watupu, kwa hiyo wanaume wote wa Venisi tulikuwa sisi, ndevu za katani zimeshonewa kwenye lastiki. Enzi za Shakespeare ilikuwa kinyume chake, wanawake wote walichezwa na wavulana. Mimi nilikuwa nataka Porshia, yule mwanamke anayejifanya mwanasheria mahakamani. Nilishika maneno yake yote, sio yale ya mahakamani tu, yote, nayasema bombani nikisubiri ndoo ijae, nayasema nikifua. Mwalimu wetu akampa dada mmoja mrefu mwenye sauti ya kufika nje, mimi akanikabidhi kitabu, akasema wewe utakuwa prompta, utasimama nyuma ya pazia ukimsikia mtu amesahau umkumbushe, kwa sababu wewe unasoma vizuri kuliko wote.

Unasoma vizuri kuliko wote. Nililala na hayo maneno wiki nzima.

Aliyecheza Shailoki, yule mkopeshaji anayedai akate nyama ya mwili wa mdeni wake, alikuwa dada wa Form Four, mpole, mtu wa kukaa dirishani peke yake. Mazoezini hakuwa na ajabu yoyote, alikuwa anasema sehemu yake kama anasoma tangazo. Siku yenyewe bwalo limejaa, wazazi, walimu, watu wa kijijini wamekaa mpaka kwenye madirisha, umeme hakuna, karabai mbili zimening'inizwa juu. Mimi niko nyuma ya mashuka mawili ya bweni tuliyoyafanya pazia, kitabu mkononi, kidole kwenye mstari. Ikafika mahakamani. Yule dada akainama, akavua katambuga ya mguu wa kulia, akaanza kunoa kisu kwenye soli, kisu cha jikoni kile cha kukatia kabichi, taratibu, krrr, krrr, bila haraka, halafu anakijaribu makali kwa kidole gumba. Mama mmoja mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Yesu wangu." Nikaangalia kwenye kitabu. Kitabuni mtu anamuuliza tu mbona unanoa kisu kwa bidii hivo, anajibu, mambo yanaendelea. Macho yangu yalishapita pale mara ishirini bila kusimama.

Sasa unaijua inavyoenda, Porshia anamgeuzia sheria kibao, damu hata tone isimwagike, Shailoki anakosa nyama anakosa na pesa, na juu yake anaambiwa aache dini yake. Halafu anaomba ruhusa aondoke, anasema hajisikii vizuri. Ni maneno machache sana, mtu alikuwa anaongea mchezo mzima anamalizia na hayo, haonekani tena.

Yule dada hakuyasema. Alisimama. Akaangalia ile mizani tuliyoazima dukani kwa ajili ya kupimia nyama, akaangalia mkono wake kama vile sio wake. Karabai zinalia shhhh. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, kidole changu kiko palepale kwenye mstari wake na kwenye karatasi hakuna nafasi hata ya kumeza mate, maneno ya huyu yakiisha ya huyu yanaanza. Nikajua amesahau. Nikamtupia mstari, na kwa vile nilikuwa na hofu nikautupa kwa sauti.

Bwalo zima likasikia. Wasichana wa nyuma wakaangua kicheko, kicheko kikaja mpaka mbele, yule mama wa Yesu wangu naye akacheka. Yule dada akageuza kichwa kuelekea kwenye shuka, aliniona au hakuniona sijui mpaka leo, akayasema yale maneno kama mtu anayejibu mahudhurio, akatoka.

Hakuwa amesahau. Ndo alikuwa anacheza.

Baadaye tuko nje kwenye karo tunaosha masizi nikamfuata nikamwambia dada nisamehe, nilidhani umekwama. Hakunigombeza. Alijipangusa uso na upande wa khanga akasema, "Wewe ulikuwa unasoma tu." Maneno manne, na hayakuwa na ubaya wowote kwenye sauti yake, ndo maana nashindwa kuyasahau. Nimefundisha miaka 31, nimesahihisha insha sijui ngapi, na bado nikiwa naosha vyombo yananijia.

Kwa hiyo mimi mwanangu imani yangu unaijua, mmeisikia mezani mpaka mkaichoka: kimya hakiandikwi. Shakespeare aliandika mpaka akamaliza lakini kuna kitu alikiacha kwa mtu mwenye mwili, na hicho kitu hukipati kwenye karatasi hata usome kwa miwani miwili. Miaka yote nimefundisha tamthiliya za mtihani kwa watoto ambao hawajawahi kuona hata moja ikichezwa, wanajibu maswali ya wahusika na dhamira vizuri kabisa, na kila mara nilikuwa najiuliza nawafundisha nini hasa. Ndo maana nilikuwa nawasimamisha wasome mbele, hata kama mkuu wa shule alikuwa analalamika kelele.

Na Waingereza wenyewe wakati ule walikuwa wanasema wanaenda kusikiliza mchezo, hata Hamlet anasema hivo, kesho tutasikiliza mchezo. Hakuna aliyeuliza umeshasoma. Hata waigizaji hawakupewa kitabu kizima, kila mmoja alipewa karatasi ya maneno yake tu na mwisho wa maneno ya mwenzake ili ajue aingie wapi. Kitabu kizima alikuwa nacho mtu wa nyuma ya jukwaa. Siku niliyosoma hilo nilikaa chini, kwa sababu huyo mtu ni mimi. Yaani kwenye nyumba nzima mwenye maneno yote mkononi ndiye aliyesimama mahali pa kuona kidogo kuliko wote.

Ila ngoja. Nikishasema hivo naanza kubishana na mwenyewe, na baba yako hata hajanijibu bado.

Kwa sababu bila karatasi tusingekuwa tunaongea haya. Shakespeare amekufa 1616, miaka saba baadaye ndo waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, wakakusanya michezo yake 36 kwenye kitabu kimoja kikubwa, 1623, na karibu nusu yake ilikuwa haijawahi kuchapwa popote. Macbeth isingekuwepo. Ile Tufani isingekuwepo. Hata huyo Julius Caesar wa Mwalimu asingekuwepo, Mwalimu angetafsiri nini? Na hao wawili, watu wa jukwaani maisha yao yote, walivyoandika utangulizi hawakusema nendeni mkaangalie. Walisema msomeni, tena na tena. Hilo huwa linanitesa, maana hao walimwona Shakespeare kwa macho, mimi ni nani.

Na huyo Lear wako ndo mfano mbaya zaidi kwa upande wangu. Mwaka 1681 bwana mmoja, Nahum Tate, aliona mwisho wake hauvumiliki, akauandika upya ukawa wa furaha, harusi juu na mzee karudishiwa ufalme wake, na kwa karibu miaka 150 hiyo ndiyo iliyokuwa inatawala majukwaa ya Uingereza. Fikiria. Mtu anazaliwa London, anaenda kuangalia, anazeeka, anakufa, anaamini ameiona King Lear. Aliyekaa nyumbani na kitabu ndo alikuwa anaijua. Nilivyowaeleza hilo darasani kijana mmoja akasema, kwa hiyo madam kitabu kilikuwa kinaitunzia siri. Nilimpenda sana yule kijana.

Afu kuna sehemu yule mzee mwingine, Gloucester, aliyetobolewa macho, anataka kujirusha kwenye jabali la Dover, na mwanawe anamdanganya wako ukingoni kumbe ni ardhi tambarare tu. Ukisoma, lile jabali unaliona kabisa, mwanawe anavyoelezea ndege kule chini wanaonekana wadogo kama mende, unapata kizunguzungu, kwa sababu na wewe msomaji ni kipofu pamoja na yule mzee, huna kingine ila maneno. Kwenye jukwaa utaziona mbao. Utaona mzee anaruka anaanguka palepale. Hapo kusoma kunashinda, nasema kwa kinywa changu, kunashinda... au labda hakushindi, maana kumwona mzee akianguka mahali pasipo na shimo nako ni kitu ambacho msomaji hakipati. Basi, unaona.

Lakini kuna hili, na hapa ndo nilipokuwa nataka kufika tangu mwanzo. Karibu na mwisho Lear, na maiti ya binti yake mbele yake, anasema neno moja mara tano mfululizo. Never. Chapa ya 1608 ilikuwa nayo mara tatu, hiyo ya 1623 ni mara tano. Ukisoma macho yanayaona yote matano kwa mpigo, yamefanana, yanapita kama nguzo za umeme ukiwa kwenye basi. Nilijaribu kuyaweka Kiswahili kwa ajili ya darasa nikashindwa, nikaandika kamwe, kamwe, kamwe, kamwe, kamwe, nikafuta. Kamwe ni neno la kamusi, mfiwa hasemi kamwe. Halafu nikamkumbuka bibi yako siku tulipouleta mwili wa baba mdogo. Ulikuwa darasa la tatu, sijui kama unakumbuka, bibi alikaa kwenye mkeka miguu ameinyoosha, hakulia, alikuwa anasema "hapana." Anakaa. "Hapana." Watu wanaingia wanampa pole, anawaitikia vizuri kabisa, halafu "hapana." Na kila moja ilikuwa ya kwake, ya kwanza alikuwa anamkatalia mtu, ya mwisho alikuwa hamkatalii mtu tena. Nikarudi darasani nikaandika hapana mara tano, nikawaambia wanafunzi siwezi kuwasomea hii, nikawaachia ubaoni.

Hiyo sijawahi kuiona ikichezwa. Wewe utaiona.

Na umesimama pazuri mama. Hiyo Globe ya sasa ilifunguliwa 1997, karibu na ilipokuwa ya zamani, ile ya 1599 iliyoungua 1613 mzinga ulipopigwa katikati ya mchezo ukawasha paa la nyasi. Na hapohapo uwanjani 2012 walicheza michezo 37 kwa lugha 37, kundi la Wakenya wakaicheza ile ya wake wachangamfu wa Windsor kwa Kiswahili. Kiswahili, chini ya lile paa la nyasi! Laiti ningekuwa na nauli.

Sasa utasema mama hujajibu. Nusura nijibu, nimeandika "usisome" hapa nimefuta, nimeandika "soma" nimefuta, baba yako ananiangalia anacheka. Sikuchagulii. Ukitaka kusoma soma, hizo siku saba zilizobaki zinatosha, soma kwa sauti huko chumbani usimwonee mtu aibu. Ila siku yenyewe kitabu kiache nyumbani, hata kwenye simu usikifungue, na mzee akinyamaza mahali usimfikirie amesahau.

Afu usiku uleule unipigie, nitakuwa macho. Niambie alisema mara ngapi, na kati ya ile ya tatu na ya nne alikaa muda gani, na alikuwa anaangalia nini.

Baba yako anakusalimia, anasema soma. Koti zito usisahau, kusimama nje masaa matatu sio mchezo.

Mama yako