Nimekanyaga msumari mwaloni, nikachanjwe?

Dokta shikamoo, niko Kibirizi hapa Kigoma, juzi nimekanyaga msumari wenye kutu, mama mkwe anasema nipake mafuta ya taa tu eti pepopunda ni ya vichanga. Kweli?

Marahaba. Hapana bwana, inampata yeyote asiye na kinga, na kutu sio shida, shida ni vijidudu vya kwenye udongo na mavi ya mifugo, vinapenda kidonda chenye shimo kisichopata hewa. Osha kwa maji mengi na sabuni (mafuta ya taa yaachie koroboi) halafu leo hii nenda zahanati, chanjo ya mwisho ikiwa imepita miaka 5 wanakuchoma nyingine. Dalili mara nyingi huja siku 3 hadi 21, taya linakaza, shingo inakakamaa, hapo ni hospitali mbio. Na hata aliyeugua akapona bado anachanjwa, ugonjwa hauachi kinga.